Mfanyakazi Anayeogopa Hakuambii: Jinsi ya Kufunza Timu Yako Usalama, Heshima na Mabadiliko

Somo la wenye biashara, mameneja na mawakala

Hebu tuanze na mfano mmoja. Mhudumu wako wa kaunta amekosea tarakimu moja na kutuma shilingi 4,500 kwa namba ya mtu asiyemjua. Ni saa nne asubuhi. Kuna njia mbili hii siku inaweza kuisha.

Duka la kwanza: anakuambia papo hapo. "Bosi, nimekosea namba, pesa imeenda kwa mtu mwingine." Mnapigia huduma kwa wateja ndani ya dakika tano. Pesa bado iko kwa akaunti ya yule mtu, kwa hivyo kuna nafasi nzuri ya kuizuia na kuanza ombi la kurudishiwa.

Duka la pili: ananyamaza. Anakumbuka vile mwenzake alifokewa mbele ya wateja mwezi uliopita, kisha akakatwa mshahara bila kuulizwa hata swali moja. Anampigia mwenyewe yule aliyepokea pesa, simu inakatwa. Anasubiri, akitumaini atapata wa kumkopesha kabla ya jioni. Saa mbili usiku mnapofunga hesabu, pesa ilishatolewa kitambo.

Mtandao ni ule ule. Kosa ni lile lile. Tofauti ni kwamba katika duka la pili kuna mtu anaogopa.

Kwa kawaida hapa tunawaonyesha jinsi ya kusajili tili, kusoma taarifa ya akaunti na kulinda namba ya siri. Leo tunaongea kuhusu watu wanaoshika hizo simu. Usalama, heshima na mabadiliko huonekana kama masomo matatu tofauti, ya kampuni kubwa zenye ofisi ya wafanyakazi na projekta. Kwetu sisi ni somo moja, na linakuhusu hata kama una kibanda kimoja na wahudumu wawili. Hatari inayojulikana mapema inazuilika, na atakayeiona mapema ni yule aliye kaunta. Swali ni kama atakuambia.

Ukimaliza kusoma utakuwa na mazoezi ya kufanya na timu yako, mambo ya sheria unayopaswa kujua, na ratiba ya wiki nne ambayo haihitaji bajeti.

Anza na meneja, kisha wengine

Makosa mengi ya mafunzo yanaanzia hapa. Mwenye biashara anawakusanya wahudumu, anawasomea masheria, halafu anaondoka. Meneja, yule anayeshinda nao kutwa, hakuwa hata kwenye kikao. Kesho yake anamwambia mhudumu, "Achana na hizo story, fanya vile tumezoea." Mafunzo yameishia hapo.

Kwa hivyo kaa na meneja wako kwanza, hata kama meneja huyo ni ndugu yako au ni wewe mwenyewe. Kubalianeni mambo matatu:

1. Anayeripoti kosa lake mapema hafokewi. Anasaidiwa kwanza, maswali baadaye.
2. Sheria ya duka inamshika kila mtu. Ikiwa mhudumu haruhusiwi kutoa namba ya siri, meneja naye haruhusiwi kuiomba.
3. Mafunzo yanafanyika saa za kazi. Ukimwambia mtu abaki saa moja baada ya kufunga, bila malipo, akiwaza kama atapata matatu ya mwisho, hatasikia chochote.

Hilo la kwanza ndilo gumu zaidi. Pesa ikipotea, damu huchemka, hiyo ni kawaida. Lakini meneja akifoka mara moja, timu yote imejifunza somo: ukikosea, ficha.

Sehemu ya kwanza: Usalama

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi maelezo, maelekezo, mafunzo na usimamizi ili wafanye kazi wakiwa salama. Sheria hii haihusu viwanda pekee. Duka, hoteli, kituo cha mafuta na ofisi ya wakala ni mahali pa kazi pia.

Sheria hiyo hiyo inampa mfanyakazi neno. Akiona jambo ambalo ana sababu ya kuamini ni hatari kubwa, anapaswa kumwambia msimamizi wake mara moja, na mwajiri hawezi kumlazimisha arudi pale kabla hatari haijaondolewa. Mwambie hivyo mhudumu wako kwa mdomo wako mwenyewe. Wengi hawajawahi kusikia.

Sasa tuangalie hatari tatu ambazo duka linalopokea pesa hukutana nazo.

*Hatari ya kwanza: jengo lenyewe*

Vibanda vingi vya wakala vimewekwa grili kuzuia wezi. Ni vizuri. Lakini uliza swali hili leo: moto ukianza saa hii, aliye ndani atatoka vipi? Kama kufuli inafungwa kutoka nje na ufunguo uko na mwenye duka, basi ile grili ni mtego. Ufunguo mmoja ukae ndani, mahali mhudumu anaweza kuufikia hata gizani.

Tembeeni pamoja dukani, nyote, kwa dakika kumi. Angalieni nyaya za stima zilizounganishwa na kuunganishwa tena, soketi moja inayochaji simu sita, mtungi wa gesi ulio karibu na mlango, boksi zilizoziba njia. Angalieni kama kuna kizima moto na kama kuna anayejua kukitumia, halafu mfungue sanduku la huduma ya kwanza muone kama lina kitu ndani. Acha mhudumu aongoze hiyo ziara. Yeye anajua ile waya inayorusha cheche mvua ikinyesha. Wewe huenda hujawahi kuiona.

*Hatari ya pili: uvamizi*

Hapa funzo ni fupi na lazima lirudiwe mpaka kila mtu alijue kwa moyo: wakija, toa pesa. Usibishane, usijaribu kumkamata mtu, usikimbilie kitufe cha king'ora kama ameshakuona. Pesa hutafutwa tena.

Mhudumu hawezi kuamini haya mpaka akusikie ukiyasema. Kama ndani ya moyo anajua atalipishwa pesa zilizoibiwa, atajaribu kuzitetea na mwili wake. Kwa hivyo ahidi mbele ya timu yote kwamba pesa ya uvamizi haitakatwa kwa mshahara wa mtu, na iandike.

Kisha fanyeni mambo yanayopunguza kishawishi:

- Msiweke pesa taslimu nyingi kaunta. Pelekeni benki zaidi ya mara moja kwa siku ikiwezekana, na msizoee saa moja wala njia moja.
- Msihesabu noti mahali wapita njia wanaona.
- Kufunga duka kuwe kwa watu wawili. Kama mhudumu yuko peke yake, afunge mapema kidogo, kabla majirani hawajafunga.
- Atakayebeba pesa asitangaziwe kwa sauti wala kwenye kundi la WhatsApp.

Baada ya tukio, fuateni mpangilio huu: hakikisheni hakuna aliyeumia, pigeni 999 au 112, pigieni huduma kwa wateja ili tili na laini zifungwe, nendeni kituo cha polisi mchukue namba ya OB. Mwishowe, mpe mhudumu muda. Mtu aliyeelekezewa bunduki asubuhi hafai kurudi kaunta mchana ule ule kana kwamba hakuna kitu kilitendeka.

*Hatari ya tatu: matapeli*

Hii ndiyo hutokea mara nyingi, na inafunzwa kwa maigizo. Mhadhara hausaidii sana kwa sababu tapeli haji na mhadhara. Anakuja na haraka.

Igizo la kwanza. Meneja atoke nje ampigie mhudumu kwa namba asiyoijua.

— Hujambo dada, ni ofisi kuu hapa. Tili yenu itafungwa dakika kumi zijazo, kuna shida ya usajili. Nisomee ile namba imetumwa kwa simu yako saa hii.

— Samahani, mimi sisomi namba yoyote kwa simu. Nitamwambia bosi apigie huduma kwa wateja.

— Dada, unachelewesha kazi. Bosi wako ndiye amenituma.

— Ni sawa. Nitamuuliza yeye. Kwaheri.

Na akate simu. Rudieni mpaka akate bila kutetemeka. Wengi wetu tulilelewa kwamba kumkatia mtu mkubwa simu ni kukosa adabu, na tapeli anaijua hiyo adabu vizuri kuliko sisi. Mpe mhudumu ruhusa wazi: kukatia tapeli simu ni kazi yake, na hata ikitokea kwamba kweli alikuwa ni wewe, hutakasirika.

Igizo la pili. Mteja ana haraka, boda inamngoja nje, anaonyesha skrini ya simu yake: "Si uone, nimelipa." Jibu ni lile lile kila siku: "Ahsante, wacha ifike kwangu." Malipo yanathibitishwa kwa simu ya duka au taarifa ya tili. Simu ya mteja haithibitishi chochote, maana ujumbe unaweza kutungwa na picha ya skrini inaweza kuwa ya wiki jana.

Igizo la tatu. Mtu anapiga akisema ametuma pesa kimakosa, anaomba arudishiwe kwa namba nyingine. Mhudumu asirudishe chochote yeye mwenyewe. Aangalie salio halisi kwanza, kisha amwelekeze mpigaji aombe kurudishiwa kupitia huduma kwa wateja.

Sehemu ya pili: Heshima

Kuna wenye biashara wakisikia "heshima" wanafikiri ni wahudumu kuwaheshimu wateja na bosi. Hiyo ipo, sawa. Lakini heshima inayolinda pesa zako inaanzia juu ikishuka chini.

*Pesa ikipungua*

Jioni hesabu haifiki. Imepungua shilingi 1,200. Meneja wengi husema, "Utalipa." Wacha tuone sheria inasema nini.

Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu mwajiri kukata upungufu wa pesa kwa mshahara, lakini ina masharti. Upungufu uwe umetokana na uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi mwenyewe, na mkataba wake uwe unasema wazi kwamba amekabidhiwa kazi ya kupokea, kutunza na kulipa pesa. Pia makato yote yakijumlishwa hayawezi kupita theluthi mbili ya mshahara. Anayelipwa shilingi 18,000 hawezi kukatwa zaidi ya 12,000 kwa jumla, hata deni liwe kubwa namna gani.

Ona basi: mtandao ukizima katikati ya muamala, au meneja akichukua pesa ya mafuta bila kuandika, hakuna uzembe wa mhudumu hapo. Na kama hana mkataba wa maandishi, utaonyesha nini? Sheria hiyo hiyo inataka mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uwe kwa maandishi.

Mfunze meneja kuuliza kabla ya kuhukumu. Pembeni, wateja wasiskie:

— Mama, leo tumepungukiwa na elfu moja mia mbili. Hebu tupitie pamoja tuone ilipotoka.

— Bosi, kuna yule mteja wa saa saba, mtandao ulikwama nikampa pesa kabla ujumbe haujafika.

— Sawa, tuangalie taarifa ya saa saba.

Mazungumzo haya yanachukua dakika kumi. Yanakupa habari ambayo kelele haiwezi kukupa: kwamba wahudumu wako wanatoa pesa kabla ya uthibitisho wakati mtandao uko chini. Hiyo ndiyo shimo la kuziba.

Na ikifika hatua ya kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu, sheria inataka umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake aliyemchagua au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, na usikilize upande wake kabla ya kuamua. "Toka, usirudi kesho" inaweza kukupeleka mahakamani.

*Unyanyasaji wa kingono*

Tuongee wazi. Mhudumu wa kike aliye peke yake kwenye kibanda cha futi sita kwa sita, jioni, mbele ya mtu anayekataa kuondoka, hiyo ni hali ya kila wiki kwa wengi. Na si wanawake pekee wanaonyanyaswa.

Sheria ya Ajira inakataza mwajiri, mwakilishi wake au mfanyakazi mwenza kudai ngono kwa ahadi au vitisho vya kazi, kutumia maneno au picha za kingono, au kumshika mtu kwa namna asiyoitaka na inayoharibu kazi yake. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima awe na sera ya maandishi, aliyoitunga baada ya kushauriana na wafanyakazi. Sera hiyo inaeleza jinsi ya kulalamika, na inaahidi kwamba jina la aliyelalamika halitatajwa isipokuwa pale uchunguzi au hatua za nidhamu zinalihitaji.

Una wafanyakazi watatu? Hakuna anayekuzuia kuandika ukurasa mmoja. Weka mambo manne: tabia zisizokubalika, mtu wa kuambiwa, mtu wa pili wa kuambiwa (kwa sababu mnyanyasaji anaweza kuwa yule wa kwanza), na ahadi kwamba aliyesema hatapoteza kazi. Waonyeshe pia namba 1195, ya bure, ya kusaidia waathiriwa wa dhuluma za kijinsia.

*Namba ya simu si ya kuchukuliwa*

Hili ni la biashara yetu kabisa. Mteja akitoa pesa, jina na namba yake vinabaki kwa kitabu au kwa simu ya duka. Mhudumu akiichukua hiyo namba na kumtumia mteja "mambo mrembo" usiku, amevunja imani ya mteja na amekuingiza wewe kwenye matatizo. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka habari za mtu zitumike kwa kazi iliyofanya zichukuliwe, na mteja anaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data.

Njia hiyo ina upande wa pili. Kuna wateja wanaopata namba ya mhudumu na kumsumbua usiku kucha. Suluhisho ni rahisi: mhudumu asitumie laini yake binafsi kwa kazi ya duka. Nunua laini ya duka, ibaki dukani jioni. Na mteja msumbufu ajibiwe na meneja. Usimwachie mhudumu peke yake mzigo wa "mteja ni mfalme".

Sehemu ya tatu: Mabadiliko

Juni 1, 2019, Siku ya Madaraka, Benki Kuu ya Kenya ilizindua noti mpya, na noti ya zamani ya shilingi 1,000 ikapewa mpaka Septemba 30 mwaka huo. Miezi minne. Noti nyingine za zamani ziliendelea kutumika. Keshia aliyeelezwa vizuri alijua noti gani akatae Oktoba na ipi apokee. Aliyesikia nusu nusu kutoka kwa redio na majirani angeweza kukataa noti halali ya mia mbili au kupokea elfu moja isiyo na thamani tena.

Mabadiliko ya aina hiyo hayaishi. Leo ni tili mpya, kesho ni ankara za kielektroniki za KRA, keshokutwa ni simu mpya yenye programu mpya. Ukiona mhudumu anakataa kitu kipya, usikimbilie kusema ni mkaidi. Mara nyingi ana swali ambalo hajaliuliza.

Chukua mfano wa kuwapa wahudumu kila mmoja kibali chake cha kuingia kwenye mfumo, badala ya wote kutumia namba moja ya siri. Kwako wewe faida iko wazi: utajua nani alifanya muamala gani. Yeye anasikia kitu kingine: "Wanataka kunifuatilia." Usimkane. Mwambie ukweli wote: ndiyo, kila muamala utakuwa na jina, na ndiyo maana hutalipa kosa la mwenzako tena. Zamani pesa ikipungua, mlikuwa mkigawana hasara wote. Hilo litaisha.

Akielewa hivyo, kibali kinakuwa kinga yake. Sheria ya "usimpe mtu namba yako ya siri, hata meneja" nayo inapata maana.

Hatua za kuleta kitu kipya:

1. Sema sababu kabla ya kusema jinsi. Sentensi mbili zinatosha. Ni shida gani tunaondoa?
2. Uliza hofu zao, kisha uzijibu. "Kitu gani kinaweza kuharibika?" ni swali zuri kuliko "Mmeelewa?" Kwa "mmeelewa" kila mtu atasema ndiyo.
3. Jaribuni na pesa ndogo. Mhudumu afanye mwenyewe, kwa vidole vyake, muamala wa shilingi 10. Anayeshika simu ndiye anayejifunza. Wewe kaa mikono nyuma.
4. Chagueni siku tulivu. Mwisho wa mwezi na wiki ya shule kufunguliwa hazifai.
5. Tumieni mpya na ya zamani pamoja kwa muda mfupi, na mtaje siku ya kuacha ya zamani. Bila tarehe, ya zamani haitaondoka.
6. Rudini baada ya wiki moja. Nini kinachelewesha? Wateja wanalalamikia nini? Rekebisheni pale pale.

Jambo moja zaidi. Mzee ambaye amekuwa kaunta miaka kumi na hapendi simu mpya asifunzwe mbele ya vijana wanaocheka. Mkae naye pembeni. Yeye anajua sura za wateja na noti bandia kuliko mtu yeyote hapo, na mkimwaibisha atajiondoa na ujuzi wake.

Ratiba ya wiki nne

Dakika ishirini kwa wiki, saa za kazi, wakati wateja ni wachache.

*Wiki ya kwanza: kikao cha meneja na ziara ya duka.* Kubalianeni yale mambo matatu. Mhudumu aongoze ziara. Andikeni hatari tano, mrekebishe angalau mbili kabla wiki haijaisha. Timu ikiona mbili zimerekebishwa, itakuambia ya sita.

*Wiki ya pili: maigizo.* Tapeli wa simu, mteja wa haraka, pesa ya "kimakosa". Mbadilishane nafasi, meneja naye awe mhudumu. Mkicheka, vizuri, somo lililochekwa halisahauliki haraka.

*Wiki ya tatu: heshima.* Someni pamoja ukurasa wenu mmoja. Tajeni watu wawili wa kuambiwa. Pitieni mikataba: nani hana? Inasema nini kuhusu pesa?

*Wiki ya nne: badiliko moja.* Chagueni jambo moja tu, kwa mfano vibali vya kila mtu, na mfuate zile hatua sita.

Lugha iwe ile mnayoongea kazini. Kama timu inaelewa Kiswahili vizuri kuliko Kiingereza, au Kiswahili kikichanganywa na lugha ya nyumbani, basi iwe hivyo. Na mkifikisha wafanyakazi 20, kumbukeni kwamba sheria inawataka pia muwe na kamati ya usalama na afya, yenye wawakilishi wa mwajiri na wa wafanyakazi.

Jipime

Waulize wahudumu wako maswali haya mmoja mmoja, na usiwasaidie kujibu:

- Ukituma pesa kwa namba isiyo sahihi, utamwambia nani, na baada ya dakika ngapi?
- Ufunguo wa grili uko wapi saa hii?
- Mtu akija na kisu, utafanya nini?
- Mimi nikikuomba namba yako ya siri, utajibu nini?
- Meneja akikusumbua, utamwambia nani?
- Mara ya mwisho ulikosea kitu hapa dukani ni lini, na ulimwambia nani?

Hilo swali la mwisho sikiliza kwa makini. Mtu anayefanya miamala mingi kila siku na anasema hajawahi kukosea hata mara moja hana usalama wa kukuambia ukweli. Hapo bado una kazi.

Mwenye kukujibu, "Jana bosi, na nilikuambia," huyo ameshafunzwa. Mpe shukrani mbele ya wenzake.

Kazi ya wiki hii: fanya ile ziara ya dakika kumi, mhudumu akiwa mbele na wewe nyuma. Hakikisha pia namba ya huduma kwa wateja imeandikwa kwa karatasi na kubandikwa kaunta, mahali kila zamu inaiona, ili dakika tano za kwanza zisipotee mkitafuta simu ya nani ina hiyo namba.